Hakuna Komodo Hapa

Tulipomaliza kumzika Rashidi, wanaume walirudi uani kwetu wakakaa kwenye mikeka, na kila aliyefungua kinywa alimsifu kwa upole wake. Mpole, mpole, mpole. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, pazia katikati yetu, nikasikiliza mpaka nikachoka, kwa sababu upole ndiyo sifa anayopewa kila marehemu ambaye watu hawakumjua vizuri. Niliishi na mtu huyo tangu nilipoletwa Gisenyi nikiwa bibi-arusi mpaka asubuhi ile aliyokataa chai, na nina mengine ya kusema juu yake. Waliokuwapo mwaka ule wa kwanza wamekwisha kwenda, mmoja mmoja, na wajukuu wangu wakisikia neno komodo wananicheka tu, wanadhani ni mchezo wa zamani. Kwa hiyo nitayasimulia mwenyewe. Atakayeona ninajisifu katikati ya habari za mume wangu, na aone hivyo; mwaka ule nilikuwa na sababu ya kujisifu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wana nguvu zao zote, na mtaa wetu wa Waswahili ulikuwa safu chache za nyumba za udongo zilizopakwa chokaa, zenye baraza fupi na harufu ya vitunguu jioni. Nilitoka Bukavu kwa meli, na nilichokuja nacho cha maana kilikuwa komodi: kabati fupi la droo nne, mbao nyekundu, vishikio vya shaba. Wapagazi wa bandarini waliilalamikia njia nzima. Chumba tulichopewa kilikuwa kidogo, na komodi ilipoingia kitanda kilisukumwa ukutani na mlango ukakataa kufunguka wote, ikawa kila anayeingia anaingia kwa ubavu. Mama Rashidi, mama mkwe wangu, mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua kunong'ona, alisimama kizingitini akavitazama vishikio vyake kimoja kimoja. "Muzuri," akasema. "Sasa mutoto wangu atalala wapi, ndani ya droo?" Wanawake waliokuja kunilaki walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini usiku huo huo niliapa moyoni kwamba nitatoka mimi katika nyumba ile kabla ya komodi yangu kutoka. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na kiburi changu kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi.

Rashidi alikuwa fundi cherehani. Siku hizo mafundi karibu wote wa mtaa wetu walikaa na vyerehani vyao kwenye baraza ya duka moja tu, duka la mzungu tuliyemwita Bwana Meta, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata akienda kanisani. Kitambaa kilitoka ndani ya duka lake, mteja alitoka ndani ya duka lake, na fundi aliyemuudhi aliamka siku moja akakuta nafasi yake barazani imekaliwa na mwingine. Kwa hiyo mafundi walijifunza kusema ndiyo. Rashidi alisema ndiyo kwa sauti ya chini zaidi ya wote. Jioni alirudi na nyuzi zimemganda kwenye kola, akala alichopewa, akasikiliza mama yake na mimi tukibishana juu ya chumvi, asiseme neno. Nilimpenda, sitaficha, alikuwa na mikono mizuri na alinichekea kwa macho. Ila nilimhesabu kuwa mtu laini, na msichana mwenye ulimi kama wangu hupata tabu kumheshimu mtu laini.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilianza kwa kufua nguo za nyumba, halafu shuka za jirani aliyejifungua, na kabla mwaka haujafika katikati nilikuwa ninafulia hoteli ya wazungu kando ya ziwa. Wanga niliupika mwenyewe kwa unga wa muhogo, mwepesi, wa kuchujwa mara mbili, na pasi yangu ya makaa nilikuwa ninaijua joto lake kwa kuisogeza karibu na shavu. Lakini siri ya weupe wa shuka zangu ilikuwa kiwanja. Nyuma ya nyumba zetu, kabla ya njia iendayo ziwani, palikuwa na uwanda wa majani mafupi, wazi, unaopata jua tangu asubuhi na upepo safi kutoka majini. Wanawake wa mtaa tulitandaza nguo pale na kufunga kamba zetu, tukikaa mbali na ua wa minyaa kwa sababu utomvu wake ukigusa kitambaa hautoki tena. Kiwanja hakikuwa cha mtu. Tulivyofahamu sisi, kilikuwa chetu kwa sababu tulikuwa tunakitumia.

Siku moja ya soko karani wa serikali alipanda juu ya sanduku la sabuni, akasoma tangazo kwa Kifaransa, mbio mbio, akashuka akaenda zake. Watu wote wakamgeukia Mwalimu Shabani. Mwalimu alifundisha watoto Kurani, na ujanani aliwahi kumpikia Mbelgiji mmoja huko Goma, ndiyo maana Kifaransa cha mtaa mzima kilikuwa mikononi mwake. Kilikuwa Kifaransa cha masikio, alichokiokota akikoroga supu, lakini hapakuwa na kingine. Alifunga macho, akayarudia maneno ya karani taratibu, na watu wakamsubiri na vikapu vyao vichwani.

"Bon," akasema. "Serikali inafanya anketi. Anketi ya komodo na inkomodo. Donc, watapita nyumba kwa nyumba, waone nani iko na komodi na nani haina."

"Komodi hizi za nguo?" mtu akauliza.

"Komodi iko moja tu. Tena kutakuwa depo, stoo ya kuweka vitu. Depo ya po. Po ni chungu, ni sufuria. Mi nimepika kwa muzungu, po naijua."

"Sasa sufuria zetu zinaenda depo kufanya nini?"

"Serikali haisemake sababu," akajibu Mwalimu, na hilo lilikuwa kweli kiasi kwamba hakuna aliyembishia.

Wanaonisikiliza leo wanaona tulikuwa wajinga. Hapana. Tulikuwa watu waliozoea kuhesabiwa. Walikuwa wamehesabu vichwa vyetu, mbuzi wetu, miti tuliyopanda na mitaro tuliyochimba, na kila hesabu iliondoka na kitu. Kwa nini wasifike kwenye makabati? Jioni ile ile mtaa ulianza kuhama bila watu wake. Vijana wa magari wa Mbugangari walibeba makabati chini ya magunia ya viazi. Wauza maharage waliorudi Kanzenze waliondoka na masufuria mgongoni. Kabati la Mwalimu Shabani mwenyewe lilipelekwa chini ziwani, kwa Mama Tereza, muuza samaki Mkristo tuliyepakana naye kiwanja, likaingizwa kwenye kibanda chake cha kukaushia samaki, kwa hoja kwamba hakuna mtu wa serikali mwenye pua anayeweza kuingia mle. Mpaka Idi iliyofuata kanzu za Mwalimu zilinuka, na waliosali nyuma yake walivumilia kwa ajili ya elimu yake.

Tulikula vibaya siku hizo. Kila nyumba ilibakiza sufuria moja, kwa hiyo maharage yalipikwa kwanza, yakamwagwa kwenye majani ya mgomba, sufuria ikasuguliwa, sombe yetu ya majani ya muhogo ikafuata, na ugali ulipoiva maharage yalikuwa yamekwisha poa. Chai ilikuwa na rangi ya sombe. Watu walikula wakilaumiana, kila mmoja akikumbuka chombo chake na mahali kilipo. Nyumbani kwetu ugomvi ulikuwa mmoja. Mama Rashidi alitaka komodi yangu iende kwa shemeji yake Mudende, na alikuwa amekwisha zungumza na mwenye gari.

"Haitoki," nikamwambia.

"We mukamwana, unataka watufunge kwa sababu ya droo?"

"Wakija nitawaambia ni yangu, ilitoka kwetu, haijaibwa. Mi siwezi kuficha kitu yangu kwenye majani kama mwizi."

"Rashidi, unasikia bibi yako?"

Rashidi alikuwa ameinamia sahani yake. Alitafuna, akameza, akasema, "Komodi ni yake," basi. Mama yake alishusha pumzi ndefu ya kutuonyesha sote wawili tulivyompa tabu. Mimi nilichukia kwamba hakusema zaidi. Nilitaka mume wa kupiga meza.

Baada ya hapo Bwana Meta alionekana kiwanjani na utepe wake, akipima majani tuliyotandazia shuka, na vigingi vikapigwa kando ya kamba zetu. Mtaa ukaridhika kabisa: hiyo ndiyo depo ya masufuria, na Bwana Meta ndiye aliyepewa kazi ya kuijenga. Wanawake wengine walianza kuchagua kona ambayo sufuria zao zingewekwa, ili wajue pa kuzichungulia.

Nilipeleka shuka hotelini siku ya pili yake. Aliyezipokea alikuwa mzungu mwembamba, mtu mzima, mwenye funguo nyingi kiunoni, tuliyemwita madamu wa nguo. Alikuwa mkali, lakini alijua kazi, na anayejua kazi mimi huwa ninamvumilia. Alikuwa anahesabu foronya nikamuuliza, kwa kutaka tu kupata uhakika, serikali inazitakia nini komodi zetu. Hakuelewa. Nikamtajia maneno yenyewe, komodo na inkomodo. Akaacha kuhesabu.

"Hapana kabati, Zaina. Komodo, ni kusema hii kitu inafaa wewe. Inkomodo, inasumbua wewe. Mutu anataka kujenga, serikali inauliza jirani kwanza."

"Na depo ya po?"

Akanyoosha mkono wake, akafinya ngozi ya kifundo kwa vidole viwili, akaivuta juu. "Po. Hii. Ya ng'ombe. Depo ya ngozi ya ng'ombe, nyuma ya nyumba yenu. Wewe hukujua?"

Ngozi mbichi sisi tulizijua. Bwana Meta alizinunua kutoka milimani, na gari lake likishuka nazo sokoni watu walivuka barabara. Nazo zilikuwa chache, za siku moja. Nikaziona zimewambwa kwenye fremu pale penye shuka zangu, nzi juu yake, upepo wa ziwa ukiingiza harufu yake kwenye kila uzi, kwenye vyumba vyetu, kwenye maziwa ya watoto. Madamu aliinua shuka moja, akaipeleka puani, kama alivyofanya kila mara. "Sasa iko muzuri," akasema. "Siku itanuka, mi natafuta mufuaji mwingine. Sina ubaya na wewe." Nilijua hana. Ndiyo maana maneno yake yaliniuma vile. Kazi ile ndiyo iliyonifanya niwe mtu katika mji ule, na bila kiwanja ningerudi kuwa msichana mwenye kabati kubwa.

Nilirudi nyumbani karibu ninakimbia, nimekusudia kusimama katikati ya mtaa na kumwaibisha Mwalimu Shabani mbele ya wanafunzi wake. Namshukuru Mungu nilipitia jikoni. Mama Rashidi alikuwa anamenya viazi, na nilimweleza yote, mpaka kumfinya mkono ili aelewe po ni nini. Aliitazama ngozi ya mkono wake, akatazama kiwanja kupitia mlango wa nyuma.

"Umeambia nani?"

"Hakuna mutu."

"Basi kaa chini. Menya kiazi."

Nilikaa. Alimenya chake mpaka mwisho kabla hajasema tena.

"Ukienda kuwaambia hii ni depo ya Bwana Meta, mafundi wote watasema iko komodo, bwana, leta ngozi. Banashonea kwake, banakulia kwake. Watasema ndiyo na kesho watalia. Lakini hivi sasa wanafikiri ni mambo ya kabati. Mutu wa hapa akiulizwa kabati yake, atakataa mpaka mbele ya gavana." Hapo mabega yake yalianza kutikisika, na nilichelewa kuelewa kwamba anacheka. "Ajenti wa serikali atakuja atauliza, komodo? Watasema hapana, bwana, hakuna komodo hapa, inkomodo tu. Wote. Yewe, Zaina, wacha wakatae."

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Kisha nikauliza, "Na Rashidi, tumwambie?"

Akaacha kucheka. "Rashidi mi nilimuzaa. Namupenda, lakini namujua. Akijua ni ya Bwana Meta, yeye ndiye wa kwanza kunyamaza."

Sikubisha. Nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo mwenyewe, na kulisikia kutoka kwa mama yake kulinipa huzuni niliyoikalia siku zote zilizobaki, hata nilipokuwa ninamtazama akila kwenye jani la mgomba, akiuliza kwa nini mimi na mama yake tumeacha kugombana.

Ajenti wa serikali alikuja Jumamosi, kijana wa kizungu mwenye kaptula na masikio yaliyoungua jua, na karani nyuma yake. Bwana Meta alikuwa pamoja nao, na aliyeshika ncha ya pili ya utepe wa kupimia, ametolewa barazani ili asaidie, alikuwa mume wangu. Nilipomwona amesimama pale kando ya kamba zangu, ameshikilia ule utepe kwa vidole viwili kama anavyoshika pindo, nilitamani kumfinya po yake mwenyewe. Watu wakaitwa. Ajenti akauliza nyumba ya kwanza, kwa Kifaransa, maneno mawili tu yakisikika vizuri, na majibu yakaja kama Mama Rashidi alivyotabiri.

"Komodo hakuna, bwana. Inkomodo."

"Mi ni mujane. Komodo natoa wapi? Inkomodo."

Mama Tereza alijifanyia ishara ya msalaba kwanza. "Ndakurahiye, naapa, bwana, kwangu iko samaki tu. Inkomodo."

Ajenti aliandika, akainua uso, akaandika. Sidhani kama alikuwa amewahi kuona watu weusi wakipinga jambo kwa moyo mmoja namna ile. Bwana Meta alianza kutokwa jasho, na mimi na mama mkwe wangu tulisimama tumeshikana mikono chini ya kanga zetu, tumeuma midomo. Ingekwisha hivyo lau Mwalimu Shabani angekuwa mtu wa maneno machache.

"Mi ni masikini kabisa," akasema Mwalimu. "Komodo haina, hata ndogo. Hata po haina. Tunakulia majani."

Bwana Meta akageuka. Kiswahili chetu alikijua kuliko baadhi yetu. "Mwalimu," akasema, "ile komodi ulinunua kwa seremala wa Goma iko wapi?"

"Ilikufa."

"Komodi ilikufa?"

"Iliungua," akasema Mwalimu. "Iliungua, halafu ikafa."

Bwana Meta alicheka mpaka akashika goti. Akamweleza ajenti kwa Kifaransa, akionyesha kwa mikono droo zinavyovutwa, na ajenti naye akacheka, hata karani akacheka. Kisha yule kijana akapiga mstari mrefu juu ya yote aliyoyaandika. Karani akatutafsiria kwamba bwana anasema hatukuelewa swali, basi majibu hayahesabiki, na kwa kuwa hakuna anayepinga, kazi itaendelea.

Mama Rashidi alinibana mkono. Sijui kama alinizuia au alinisukuma, hakuwahi kukubali lolote kati ya hayo mawili. Nilitoka mbele.

"Bwana, njoo uone," nikasema, nikafungua mlango wa chumba chetu mpaka pale ulipokubali kufika. Vishikio vya shaba vilionekana vyote. "Mi niko na komodi. Ile pale. Sijaificha. Na bado nasema inkomodo." Nikanyoosha mkono wangu nikafinya ngozi ya kifundo, nikaivuta juu. "Po ni hii. Ya ng'ombe. Anataka kuiwamba pale tunatandaza nguo. Shuka za hoteli nafua mimi. Shuka unalalia wewe, bwana, nafua mimi. Ukitaka kulala na harufu ya ng'ombe, andika komodo."

Karani alitafsiri huku akitazama chini. Ajenti aliacha kucheka. Masikio yake yalizidi wekundu. Lakini alikuwa mtu wa sheria, akatoa neno ambalo sikulitegemea. Akasema mwanamke mwenye mume haandikwi. Aulizwe mwenye nyumba. Na karani sasa awaeleze watu wote, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, polepole, kinachotaka kujengwa ni nini na anayejenga ni nani.

Karani akaeleza. Nilitishika, kwa sababu niliona mtaa mzima ukielewa. Mafundi wote walitazama chini. Bwana Meta akawatazama mmoja mmoja, tabasamu lake liko pale pale, na wala hakukasirika. "Mwenye neno aseme," akawaambia. "Mi na ninyi tunajuana." Pale pale niliona kiwanja kimekwenda, na kazi yangu nayo, na juu ya hayo tumekuwa kichekesho.

"Mwenye nyumba hii ni nani?" akauliza karani.

Rashidi alikuwa bado ameshika ncha ya utepe. Sikumtazama usoni, sikutaka kuona akinyamaza, nikatazama vidole vyake. Vikafunguka. Utepe ukaanguka kwenye majani, na Bwana Meta akabaki ameshika upande wake peke yake.

"Mi ndiye mwenye nyumba," akasema. "Inkomodo, bwana."

"Rashidi," akasema Bwana Meta, taratibu, kama mtu anayemrekebisha mtoto, "umesikia vile umesema?"

"Nimesikia. Komodi naijua, nalala nayo chumba moja. Na ngozi naijua. Hii nyumba ni ya mama yangu na bibi yangu, na pale ndipo bibi anafanyia kazi. Inkomodo. Sana."

Mama Rashidi alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na kanga yake nzuri. Mwalimu Shabani alikohoa, akarekebisha kofia, akajongea mbele na heshima yake yote iliyokuwa imebaki. "Mi pia," akasema. "Komodi yangu haikuungua, iko kwa samaki. Niandike, inkomodo." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowafungua. Mama Tereza akarudia kiapo chake, mara hii akijua anaapia nini. Wakafuata wengine, fundi mmoja, na mwingine, na mwingine. Wapo walionyamaza, na ninawakumbuka, lakini wajukuu wao ni majirani zangu na wananisalimia vizuri.

Depo ya ngozi ilijengwa mbali, juu kule kwenye mawe meusi ya volkano, ambako hakuna nyumba, na vigingi tulivitumia kuwashia moto. Makabati yakarudi. Wale mafundi wengine Bwana Meta aliwaacha barazani. Alihitaji mikono yao, na aliyetangulia ndiye aliyelipa kwa niaba ya wote. Jumatatu Rashidi alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri akiwa na cherehani chake kichwani. Alikiweka juu ya komodi kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine, akapangusa vumbi, akaomba chai. Nilimpa, nikakaa mbele yake. Nilimwomba radhi kwa jambo ambalo hakujua nimemfikiria. Akasema chai ina sukari nyingi.

Kitambaa hakikuja mwezi huo, wala uliofuata. Ikawa nguo za hoteli ndizo zinazotulisha, na kwa kuwa zilikuwa zimeongezeka, kikapu kilinielemea shingo; nilikuwa na mimba na nilikuwa sijamwambia mtu. Yeye aliona. Asubuhi moja nilipoinama nikinyanyue alikuwa amekwisha kukishika. Mtaani kwetu mwanamume alibeba cherehani, alibeba gunia, alibeba jeneza. Nguo za kufuliwa hakubeba. Tulipopita msikitini wenzake walikuwa wamekaa nje wakimsubiri Mwalimu, na mmoja akapaza sauti, "Rashidi, umekuwa dobi?" Hakusimama, wala hakuongeza mwendo. "Mi ni bwana ya dobi," akasema. Akaendelea kuteremka kuelekea ziwani, kikapu cha shuka zangu kichwani, mkono mmoja tu ukikishikilia. Mimi nilimfuata nyuma, sina kitu cha kubeba kwa mara ya kwanza tangu niletwe katika mji ule, na njia nzima sikujua mikono yangu niiweke wapi.